Programu yetu ya mishahara ilikataa, na ilikuwa na haki

Wenzangu wamoja wa sendika waliposikia kama nataka kuandika habari hii katika gazeti, walicheka. Mumoja alisema: "Papa Delege, bantu beko nalala njaa, na weye unaandika habari ya ordinateri?" Ninamujibu hapa mbele ya wasomaji wote. Ndiyo, ni habari ya ordinateri. Lakini ndani yake kuna dola 25 za kila siku ya Mungu ambayo ndugu yetu mumoja alienda kazini badala ya kupumzika, na sisi sendika tulimwambia kwa kinywa chetu kama hana deni la kudai.

Nianze na kitu chenyewe. Katika ofisi yetu hapa Kolwezi, kule Manika, tulikuwa na programu ndogo ya kuhesabu mushahara. Muzee mumoja aliyefanya kazi ya informatike miaka mingi ndiye aliyetuandikia, mwaka wa 2012, bila kulipwa hata franka moja. Mufanyakazi anakuja na buletini yake, tunaingiza saa zake, programu inatoa hesabu, nasi tunalinganisha na ile ya kampani. Kama kuna tofauti, tunaandika barua. Kama hakuna, tunamwambia ndugu arudi nyumbani kwa amani. Muzee alikufa, tukamuzika, programu ikaendelea na kazi yake kama saa ya ukutani.

Hesabu zenyewe si siri. Sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka wa 2002 inaweka saa 45 kwa juma na saa 9 kwa siku. Ukipita hapo, saa sita za kwanza za juma zinaongezwa 30 kwa mia, zinazofuata 60 kwa mia, na saa za siku ya mapumziko ya juma zinaongezwa 100 kwa mia, ni kusema bei inakuwa mara mbili. Mapatano ya kampani na wafanyakazi yanaweza kupita hapo, hayawezi kushuka chini. Kila delege anajua hayo kwa kichwa. Tatizo ni kwamba mufanyakazi wa sutretansi anafanya juma moja usiku, juma lingine muchana, anabadilishiwa siku ya kupumzika bila kuulizwa, na mwisho wa mwezi buletini inamuonyesha mustari mumoja tu: saa za ziada, jumla fulani. Njo maana tulihitaji mashini ya kuhesabu.

Mwisho wa mwaka 2025 umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na ordinateri yetu ya zamani ikatoa moshi. Tulichanga, tukapata ingine. Programu iliyokuwa tayari iliungua pamoja na mashini, lakini muzee alikuwa ametuachia kle, na ndani ya kle kulikuwa na maandishi yake yote, mustari kwa mustari, katika lugha C. Tukasema basi, hakuna musiba. Kijana wa ofisi yetu akayapeleka katika mashini mupya ili kompilateri iyageuze tena kuwa programu.

Kompilateri, kwa wasiojua, ni ile programu inayosoma maandishi ya mutu na kuyageuza kuwa amri ambazo mashini inaweza kufuata. Yetu inaitwa GCC. Haiuzwi, kila mutu anaweza kuichukua. Richard Stallman, Mumarekani, ndiye aliyeianzisha, na toleo la kwanza lilitoka mwaka wa 1987. Katika mashini ya zamani tulikuwa na toleo la 4. Katika mashini mupya kulikuwa na toleo la 15, lililotoka mwezi wa 4 mwaka wa 2025. Maandishi ni yale yale, hayakuguswa hata herufi moja. Toleo la 4 lilikuwa linayapokea bila neno. Toleo la 15 likayarudisha na makosa ukurasa muzima.

Kijana akaja kwangu na uso wa kilio: "Papa, mashini iko nakataa kazi ya muzee."

Hapa ninaomba musomaji anivumilie, juu hapa ndipo shida yote inalala, na haihitaji mutu awe injinia. Munajua madereva wa Tanzania wanaoleta mizigo toka Dar es Salaam, wanapita Zambia, wanaingia Kasumbalesa mpaka huku kwetu. Wanasema Kiswahili, sisi tunasema Kiswahili. Sasa dereva mumoja anasimama barabarani na mifuko ya mchele ndani ya gari, mama wa kwetu anamwambia: "Ninauza." Kwetu huku, kuuza ni kutoa feza na kupata kitu, mwenye kutoa kitu na kupokea feza, huyo anauzisha. Kwao dereva, kuuza ndiyo kutoa kitu. Neno ni lile lile. Mama anafikiri amesema anataka mchele, dereva anafikiri mama naye ni muchuuzi mwenzake. Kama wote wawili ni watu wa adabu, wataitikia tu kwa kichwa, kila mumoja na maana yake, na hasara itaonekana jioni.

Lugha za mashini nazo ziko vile. Lugha C ilitengenezwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Dennis Ritchie wa Bell Labs. Ikapata sheria yake rasmi mwaka wa 1989, ikarekebishwa 1999, ikarekebishwa tena mara kadhaa, na ya mwisho ilitangazwa mwaka wa 2024, ingawa wenyewe wanaiita C23. Kila mara kuna neno linaloongezwa, kuna ruhusa inayoondolewa. Toleo la 4 la GCC, usipoliambia kitu, lilikuwa linasoma kwa sheria ya 1989. Toleo la 15 linasoma kwa C23. Kati ya muzee wetu na mashini mupya kulikuwa na miaka kama thelathini ya mabadiliko ya lugha, na yeye hayuko tena kutufasiria.

Makosa yalikuwa mengi kwenye kioo, lakini binti wa mwenzetu mumoja, anayesoma informatike hapa hapa Kolwezi, alipokuja na kuyasoma pole pole alituambia yote yanatoka kwenye mambo matatu.

La kwanza lilikuwa neno "bool". Ni neno la kusema ndiyo au hapana: huyu alifanya usiku, ndiyo au hapana. Zamani lugha haikuwa na neno hilo, basi muzee akalitengeneza mwenyewe, kama waandishi wengi wa wakati wake. C23 imelichukua neno hilo kuwa lake, na mutu haruhusiwi tena kulitengeneza upya. Binti alifuta mustari mumoja. Kwisha.

La pili lilikuwa mabano matupu. Programu ya muzee imegawanywa vipande, kila kipande na hesabu yake: kimoja cha 30 kwa mia, kimoja cha 60, kimoja cha saa za usiku, kimoja cha siku ya mapumziko. Juu ya ukurasa inafaa kutangaza kila kipande kabla ya kukiita, kama vile unavyowajulisha wageni mbele ya kikao kuanza. Muzee alitangaza vipande kwa kuweka mabano bila kitu ndani. Kwa sheria ya zamani mabano matupu yalikuwa na maana hii: sikuambii nini kinaingia humo. Kwa C23 yana maana nyingine: hakuna kinachoingia humo. Mashini ikaona kipande kilichotangazwa kuwa hakipokei kitu, kisha kinapewa saa na bei. Ikakataa, na ni haki yake. Binti akajaza mabano, vipande vitatu, dakika kumi.

Vipande vitatu, nimesema. Vilikuwa vinne.

Cha nne, kile cha siku ya mapumziko, muzee alisahau kukitangaza. Pengine alichoka usiku ule, pengine alikiongeza mwisho, mimi simuhukumu. Sasa tuone lugha ilifanya nini na kusahau kwake. Sheria ya 1989 inasema: ukiita kipande ambacho hakijatangazwa, mashini isikuulize, ikisie tu kwamba kitarudisha namba nzima isiyo na senti. Mwaka wa 1999 ruhusa hiyo iliondolewa. Lakini GCC, kwa huruma kwa maandishi ya zamani, iliendelea kuyapokea miaka mingi, kwanza kimya, baadaye na onyo, mpaka toleo la 14 la mwaka 2024 lilipogeuza onyo kuwa kosa la kuzuia kazi. Miaka ishirini na tano ya huruma! Haikutusumbua sisi peke yetu. Watu wanaokusanya programu za Linux, kama wale wa Fedora na wa Gentoo, walipitia programu nyingi za zamani moja moja kwa ajili ya jambo hilo hilo.

Na hapa ndipo tuligombana.

Mbele ya binti kufika, kijana wetu alikuwa amekwisha kupata dawa yake. Kuna neno moja unaloweza kuongeza kwenye amri ya kompilateri, -std=gnu89, ni kusema: soma haya kwa sheria ya 1989, pamoja na nyongeza za GCC. Aliliongeza. Makosa yote yakatoweka, ukurasa ukawa mweupe, programu ikatoka nzima. Tulipiga mikono. Mwenzetu wa hazina akasema: "Si munaona? Ilikuwa paka kidogo." Kesho yake tulikuwa na wafanyakazi kumi na zaidi wanangoja kwenye mulango na buletini mukononi.

Binti alipoona hivyo alisema: "Ba papa, hamukutengeneza kitu. Mulimwambia tu anyamaze."

Nataka niwe na haki kwa kijana, sababu alichofanya si upumbavu. 1989 ndiyo ilikuwa lugha ya muzee kweli. Kuambia mashini mutu huyu anasema lugha gani si uongo, na kuna neno lingine la namna hiyo, -std=gnu17, ambalo linamaliza lile jambo la kwanza na la pili bila kugusa maandishi. Hilo binti mwenyewe alilikubali kwa mutu mwenye haraka. Lakini kwa gnu17, kosa la tatu linabaki limesimama. Kwa gnu89 linakwenda, na halikwendi kwa sababu limepona, linakwenda kwa sababu lugha ile inaruhusu mashini kukisia. Wakubwa wa ofisi yetu, na mimi nilikuwa ndani yao, hatukutaka kusikia tofauti hiyo. Programu inatoa hesabu, nini tena?

Akatuomba kitu kidogo. "Papa, mukuje na kalamu. Tuhesabu mutu mumoja kwa mukono."

Nilikwenda kwenye sanduku la karatasi, nikatoa ya kwanza iliyokuja mukononi. Ilikuwa ya dereva wa benne, ya mwaka 2019, kampani moja ya sutretansi, jina nitalificha. Bei yake ya saa ilikuwa dola 2.50. (Ukiandika 2,50 kwa kifaransa, programu ya muzee inasoma 2 na kuacha mengine, hilo tulilijua tangu mwanzo, kuna karatasi kwenye ukuta kuwakumbusha watu waweke nukta.) Siku moja ya Mungu, siku yake ya kupumzika, alifanya saa 12. Kalamu: saa 12 mara 2.50 ni dola 30. Nyongeza ya 100 kwa mia ni dola 30 ingine. Jumla dola 60.

Tukaingiza namba hizo katika programu iliyotoka kwa dawa ya kijana. Dola 32.

Nikafikiri nimekosea kuandika. Tukarudia. Tukaweka saa 8 badala ya 12: mushahara wa kawaida dola 20, programu ikasema 22. Tukaweka saa 10: dola 27. Nyongeza ilikuwa dola 2, kila mara dola 2, hata ungeweka saa ngapi.

Binti alituelezea, na nilimwambia arudie mara tatu mpaka nielewe. Kipande cha siku ya mapumziko kilikuwa kinahesabu sawa sawa. Dola 30 zilitoka, ni namba yenye senti, zikawekwa mahali mashini inapoweka namba zenye senti. Lakini aliyeita kipande, kwa sababu hakutangaziwa kitu, alikisia kwamba jibu ni namba nzima, akaenda kulitafuta mahali pengine, pale zinapowekwa namba nzima. Pale hakukuwa na jibu. Kulikuwa na alama ambayo yeye mwenyewe aliacha kabla ya kuita: amepeleka vitu vingapi vyenye senti. Alikuwa amepeleka saa na bei. Viwili. Akaokota 2 yake mwenyewe, akatuletea kama mushahara wa mutu.

Nilikaa kimya muda murefu. Ile dola 2 niliijua. Niliiona katika karatasi zetu miaka na miaka, nikafikiri ni kanuni fulani ambayo muzee alijua, sijui prime ya nini. Wenzangu vile vile. Hakuna hata mumoja aliyeuliza, sababu karatasi ilitoka kwa mashini, na mashini haina kabila wala ndugu.

Sasa nirudie kwa dereva. Kampani yake ilimulipa siku ile dola 30 na nyongeza ya dola 5, jumla 35. Yeye alikuja kwetu akisema ameibiwa. Programu yetu ikasema haki yake ni 32. Basi nilimwambia, mimi mwenyewe, kwa sauti ya mutu mwenye kujua, kwamba kampani imemupa dola 3 zaidi, kwa hiyo anyamaze asije akadaiwa. Aliniangalia tu. Akatoka. Baadaye nilisikia kwamba anasema delege wameuzwa. Nilikasirika sana, nilitaka kumuita kwenye kikao. Hesabu ya kalamu: alistahili 60, alipata 35, na zilikuwa siku mbili za namna ile kwa mwezi.

Ninyi mulio katika sendika zingine, Kolwezi, Fungurume, Likasi, musiseme hii ni aibu ya ofisi moja. Ni ofisi ngapi zina fishi ya Excel iliyotengenezwa na mutu aliyekwisha kuondoka, na hakuna anayejua ndani ya kile kisanduku kuna hesabu gani? Tunapiga kelele kila mwaka kwamba kampani zinaficha namna zinavyohesabu, na ni kweli zinaficha. Buletini yenye mustari mumoja wa saa za ziada ni kufunga mutu macho. Lakini tulipokwenda kupima mizani ya kampani tulibeba mizani ambayo sisi wenyewe hatukuwahi kuipima.

Kuna wenzetu wanaotoa mafundisho mengine katika habari hii. Wanasema: basi tuache mambo ya programu, turudi kwenye kalamu. Mimi sikubali. Kalamu ilituonyesha kosa, ndiyo, lakini kalamu haiwezi kuhesabu watu mia nne wa timu za usiku kabla ya tarehe ya mwisho ya kudai, na sheria inaweka mwisho wa wakati wa kudai mushahara. Wengine wanasema tununue programu kubwa kama zile za kampani. Hapo ndipo ninapokataa zaidi. Programu ya muzee ilikuwa na kosa, lakini maandishi yake yalikuwa mukononi mwetu, katika kle, na binti wa miaka ishirini na kidogo aliweza kuyafungua, kuyasoma, na kuweka kidole juu ya mustari wenyewe. Programu iliyofungwa ingetuambia dola 2 mpaka kiama.

Tena ninasema ni mashini mupya iliyotuokoa, kwa ukali wake. Tulipoona ule ukurasa wa makosa tulilaani wazungu na matoleo yao mapya, eti wanabadilisha lugha ili kutusumbua sisi maskini. Kumbe lile toleo la zamani, ambalo lilikuwa linapokea kila kitu bila neno, ndilo lililotudanganya tangu 2012. Mimi nafanya kazi ya kupokea malalamiko. Najua vizuri namna mukubwa wa kazi anavyomupenda mufanyakazi asiyesema kitu, na namna anavyotafuta njia ya kumuhamisha yule anayesema kila siku kwamba breki ya benne haishiki. Siku ile mukubwa nilikuwa mimi, na nilitaka mashini ihamishwe.

Tumeamua nini? Kosa la tatu lilitengenezwa kwa mustari mumoja: kipande cha nne kimetangazwa juu ya ukurasa, kwamba kinapokea saa na bei, na kwamba kinarudisha namba yenye senti. Programu ilipojibu dola 60, hakuna aliyepiga mikono. Binti ameandika kwenye mustari wa kwanza kabisa maandishi haya ni ya lugha C ya mwaka gani, ili atakayekuja nyuma yetu asikisie. Ameongeza pia -Wall kwenye amri, neno linalomwambia kompilateri aseme maonyo yake karibu yote. Angalikuwepo na neno hilo zamani, hata sheria ya 1989 ingetuonya. Na kila mara programu ikiguswa, watu watatu wanahesabiwa kwanza kwa kalamu: mumoja wa muchana, mumoja wa usiku, mumoja wa siku ya mapumziko. Karatasi hizo tatu zinakaa ndani ya kle pamoja na programu.

Hiyo ni kwetu. Kwa kampani, tunaomba kitu ambacho si kigumu kwao: buletini ionyeshe saa za 30, saa za 60 na saa za 100 kila moja kwenye mustari wake, pamoja na bei ya saa. Wakubwa wanatujibu kwamba programu yao ya mishahara imekuja tayari toka mbali na haiwezi kubadilishwa. Mimi nimeona binti akibadilisha programu ya mutu aliyekufa katika alasiri moja. Wasituambie haiwezekani. Waseme hawataki, tutazungumza.

Na kwa ndugu tuliowarudisha nyumbani kwa amani: tunafungua sanduku lote, karatasi kwa karatasi, tangu 2012. Wengine wakati wao wa kudai umekwisha, hilo halitarudi, na tutawaambia hivyo uso kwa uso, si kwa barua. Wengine bado. Wote waliofanya siku za mapumziko na wana buletini zao, wakuje.

Dereva yule nilimupigia simu. Sasa anafanya kazi kwingine, njia ya Fungurume. Nilimwelezea yote, kompilateri, mabano, dola 2. Sijui alielewa nini, sababu alinikata kauli: "Papa Delege, leo mashini yenu inasema ngapi?" Nikamwambia 60. Alinyamaza, nikasikia paka kelele ya magari. Kisha akasema atakuja siku ya posho, na atakuja na kalamu yake.